Mkono Mmoja, Lugha Mbili: Maisha ya Paavo Cajander, Mfasiri wa Shakespeare kwa Kifini

IKISIRI

Makala haya yanasimulia maisha ya Paavo Cajander (1846–1913), mshairi wa Ufini aliyefasiri tamthilia 36 za William Shakespeare kutoka Kiingereza hadi Kifini. Maisha hayo yanatazamwa kupitia jina la kiungo kimoja cha mwili, ambacho Kiingereza hukigawa sehemu mbili ilhali Kifini, kama Kiswahili, hukiita kwa jina moja. Inabainishwa kuwa ugumu mkubwa uliomkabili mfasiri huyo haukutokana na uhaba wa msamiati katika lugha yake, bali ulitokana na umbo la maneno, yaani idadi ya silabi, mahali pa mkazo na tabia ya viambishi. Mwishoni, uzoefu wake unalinganishwa kwa ufupi na ule wa wafasiri wa Shakespeare kwa Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Katika mijadala ya tafsiri, mifano ya maneno magumu hutolewa aghalabu katika nyanja za sayansi, sheria na dini. Maneno ya kila siku, hasa majina ya viungo vya mwili, huchukuliwa kuwa rahisi kwa kuwa binadamu wote wana mwili wa namna moja. Dhana hiyo haina msingi madhubuti. Kila lugha huukata mwili kwa mipaka yake. Msemaji wa Kiingereza hutenga sehemu ya kuanzia kiwiko cha mkono, yaani kifundo, hadi ncha za vidole na kuiita hand, kisha huiita arm ile sehemu iliyobaki hadi begani. Msemaji wa Kifini huviita vyote viwili käsi, na msemaji wa Kiswahili huviita mkono. Kwa upande wa chini hali ni hiyo hiyo: Kifini kina jalka, Kiswahili kina mguu, na Kiingereza kina maneno mawili.

Mfasiri mmoja alilazimika kuivuka mipaka hiyo kwa zaidi ya miaka 30, tamthilia baada ya tamthilia, katika kipindi ambacho lugha yake ilikuwa ikishukiwa kuwa haifai kwa fasihi ya juu. Paavo Cajander anajulikana kwa kila mtu nchini Ufini, japo mara nyingi bila jina lake kutajwa, kwani maneno ya Kifini ya wimbo wa taifa yanatokana na tafsiri yake. Wanataaluma wa Kiswahili hawajampa nafasi kubwa. Hata hivyo, swali lililomkabili ni lile lile ambalo Kiswahili kimeulizwa mara nyingi: je, lugha ya wakulima na wavuvi inaweza kuubeba mzigo wa Shakespeare?

2.0 Kuzaliwa na mazingira ya lugha

Cajander alizaliwa tarehe 24 Desemba 1846 katika mji wa Hämeenlinna, kusini mwa Ufini. Wakati huo Ufini haikuwa dola huru. Kwa karne nyingi ilikuwa sehemu ya ufalme wa Uswidi, na tangu 1809 ilikuwa jimbo lenye mamlaka yake ya ndani chini ya mfalme wa Urusi. Mabadiliko hayo ya watawala hayakubadili nafasi ya lugha. Kiswidi kiliendelea kuwa lugha ya serikali, mahakama, chuo kikuu na jamii ya wasomi, ilhali wananchi walio wengi walizungumza Kifini. Lugha hiyo ilikuwa imeandikwa tangu karne ya 16, Mikael Agricola alipochapisha Agano Jipya mwaka 1548, lakini kwa miaka takriban 300 matumizi yake ya maandishi yalihusu zaidi kanisa na matangazo kwa umma.

Mwamko wa kukikweza Kifini ulianza kabla ya Cajander kuzaliwa. Jumuiya ya Fasihi ya Kifini iliundwa Helsinki mwaka 1831. Miaka minne baadaye, Elias Lönnrot alitoa toleo la kwanza la Kalevala, utenzi aliouunda kutokana na nyimbo za masimulizi alizozikusanya vijijini, na mwaka 1849 akatoa toleo lililopanuliwa. Mwanafalsafa Johan Vilhelm Snellman alishikilia kuwa taifa haliwezi kukomaa ikiwa elimu yake inapitia katika lugha ambayo wengi hawaielewi. Tarehe 1 Agosti 1863, mfalme Alexander II alitoa amri iliyokusudia kukipa Kifini hadhi sawa na Kiswidi katika shughuli za serikali zinazowahusu wasemaji wa Kifini, na utekelezaji wake ulipewa muda wa miaka 20. Amri hiyo ilitolewa Hämeenlinna, katika mji ule ule wa Cajander, naye akiwa kijana wa miaka 16.

Kizazi chake kilipewa ahadi pamoja na kazi. Amri ya mfalme iliweza kuifungulia lugha mlango wa mahakama, lakini haikuweza kuiandikia tamthilia. Vijana waliosoma Chuo Kikuu cha Helsinki katika miaka iliyofuata, Cajander akiwa miongoni mwao, walijikuta wakitakiwa kuthibitisha kwa vitendo yale ambayo Snellman aliyasema kwa hoja.

3.0 Jukwaa linalohitaji maneno

Mwaka 1872 Kaarlo Bergbom alianzisha kundi la maigizo la Kifini, lililoitwa Suomalainen Teatteri. Mwaka huo huo alifariki Aleksis Kivi, mwandishi wa riwaya kubwa ya kwanza ya Kifini, baada ya kazi yake kukosolewa vikali na baadhi ya wasomi waliouona ulimi wake kuwa wa kishamba. Tukio hilo linaonyesha uzito wa hali ilivyokuwa. Mwandishi aliyetumia Kifini cha watu alishutumiwa kwa ufidhuli, na aliyetumia Kifini kilichopambwa mno alikuwa na hatari ya kutoeleweka na hadhira. Kundi la Bergbom lilihitaji tamthilia ambazo hazingeepa hatari zote mbili kwa kunyamaza.

Shakespeare hakuwa mgeni kabisa. Mwaka 1834 J. F. Lagervall alichapisha Ruunulinna, utohozi wa Macbeth uliohamishiwa katika mandhari ya Kifini, na mwaka 1864 ikatoka tafsiri ya Macbeth ya Kaarlo Slöör. Wasomi nao walikuwa na tafsiri za Kiswidi za Carl August Hagberg, zilizotolewa kati ya 1847 na 1851. Kwa hiyo msomaji mwenye elimu hakukosa njia ya kumfikia Shakespeare. Kilichokosekana ni Shakespeare wa kusemwa jukwaani kwa Kifini, mbele ya hadhira ambayo haikuwa na haja ya kupita katika lugha nyingine.

Cajander alianza na Hamlet, iliyochapishwa mwaka 1879. Zikafuata Romeo ja Julia mwaka 1881, Venetian kauppias mwaka 1882, Julius Caesar mwaka 1883, Macbeth mwaka 1885, na nyingine mfululizo hadi 1912. Alifasiri kutoka Kiingereza na aliamua kuhifadhi umbo la ushairi wa asili, yaani mistari isiyo na vina ambamo silabi dhaifu hufuatwa na silabi yenye mkazo, mara tano katika kila mstari. Uamuzi huo ndio uliomfikisha kwenye tatizo la mkono.

4.0 Käsi: maana moja au mbili?

Kwa mtu aliyeelimishwa kwa Kiswidi, kukosekana kwa majina mawili ya kawaida katika Kifini kulionekana kwa urahisi, kwa sababu Kiswidi hufanana na Kiingereza katika jambo hili na hutofautisha hand na arm kwa maneno yale yale mawili. Kifini kinalo neno käsivarsi kwa ajili ya sehemu iliyo juu ya kiganja. Neno hilo limeundwa kwa käsi na varsi, na varsi ni shina la mmea au mpini wa chombo. Kwa namna ya kuwaza ya Kifini, sehemu hiyo ni mpini wa mkono. Vivyo hivyo, jalkaterä, inayotaja sehemu ya mguu inayokanyaga ardhi, imeundwa kwa jalka na terä, yaani ubao wa kisu au makali. Maneno haya yapo na yanaeleweka, lakini msemaji huyatumia pale tu anapotaka kubainisha. Katika mazungumzo ya kawaida käsi hutosha.

Aidha, Kifini kina utajiri mahali ambapo Kiingereza hakina. Neno syli hutaja ile nafasi inayozungukwa na mikono, kifua na mapaja, mahali anapopakatwa mtoto au anapokumbatiwa mpenzi. Kiingereza hulazimika kusema juu ya mikono katika hali moja na juu ya mapaja katika hali nyingine. Syli lilikuwa pia jina la kipimo cha urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, kile ambacho Waswahili hukiita pima. Kyynärä kilikuwa kipimo kinacholingana kwa asili na dhiraa, na vaaksa ni shubiri. Lugha iliyoupima ulimwengu kwa mkono namna hiyo haiwezi kusemwa kuwa haikuuchunguza mkono.

Tamthilia ya Julius Caesar inatoa mfano ulio bora. Baada ya mauaji, Brutus anawataka wenzake wainame na kuoga mikono yao katika damu ya Caesar hadi kwenye viwiko vya katikati, na baadaye kidogo Antony anamshika mkono kila mmoja wao. Katika Kiingereza, neno lililotumika katika agizo la Brutus hukomea kwenye kifundo, kwa hiyo msikilizaji hulazimika kulinyoosha mpaka lifike alikotajiwa. Katika Kifini hakuna kunyoosha. Käsi hufika huko yenyewe, na kutajwa kwa kiwiko huwa ni kuweka mpaka ndani ya kiungo kimoja. Katika tendo la Antony, muktadha wa kushikana hulirudisha neno hilo hilo kwenye kiganja. Palipodhaniwa kuwa na upungufu, pana wepesi.

Kuna mahali, hata hivyo, ambapo kizuizi ni cha kweli. Katika Hamlet, wachimba kaburi wanafanya mzaha kuhusu Adamu kuwa mtu wa kwanza kuwa na nembo ya kiungwana. Mzaha huo unategemea neno la Kiingereza ambalo katika wingi wake humaanisha mikono, silaha na nembo ya ukoo. Kifini hutaja kila kimoja kwa neno lake: käsivarret, aseet na vaakuna. Mfasiri hawezi kuyageuza matatu kuwa moja. Hana budi kubuni mzaha mwingine unaofanya kazi hiyo hiyo au kukubali hasara. Kizuizi cha namna hii hakisemi lolote kuhusu umaskini wa lugha lengwa, kwani ni sadfa ya historia ya lugha chanzi. Kiswidi chenye majina mawili kisingepata faida hapa kwa kuwa nayo tu.

5.0 Uzito wa neno: silabi, mkazo na kiambishi

Tatizo kubwa zaidi lilikuwa la wizani. Majina mengi ya viungo katika Kiingereza yana silabi moja: ya mkono, jicho, moyo, mguu, kichwa, mdomo. Yakitanguliwa na kibainishi au kimilikishi cha silabi moja, hutoa papo hapo jozi ya silabi dhaifu na silabi yenye mkazo. Shakespeare alipohitaji kutaja mkono wake mtu, lugha yenyewe ilimpa wizani bila jasho.

Kifini hakitoi zawadi hiyo. Mkazo wake huangukia silabi ya kwanza ya neno daima. Hakina vibainishi vya aina ya Kiingereza, na umilikaji huonyeshwa kwa kiambishi tamati. Mkono wangu ni käteni, neno la silabi tatu lenye mkazo mwanzoni na silabi mbili dhaifu nyuma yake. Umbo la Kiingereza linapanda na umbo la Kifini linashuka. Käsi, silmä, sydän na jalka yote huanza kwa kishindo na kumalizika kwa utulivu, ilhali mstari wa Shakespeare huanza kwa utulivu na kumalizika kwa kishindo. Käsivarsi, lenye silabi nne, hula karibu nusu ya mstari mzima. Ni maneno machache tu, kama vile pää kwa kichwa na suu kwa kinywa, yenye silabi moja, nayo hurefuka mara yanapopokea kiambishi.

Washairi wa Kifini wa karne ya 19 walikuwa na njia kadhaa za kupambana na hali hiyo, na Cajander alizitumia zote. Njia ya kwanza ni kuanza mstari kwa neno la silabi moja, kama kiunganishi, kikanushi au kiingizi, ili neno linalofuata liangukie mahali pa mkazo. Wimbo wa taifa wa Ufini, katika maneno ya Kifini, huanza kwa kiingizi cha silabi moja cha namna hiyo. Njia ya pili ni kutumia viwakilishi vilivyofupishwa, kama mun badala ya minun, mbele ya nomino. Njia ya tatu ni kudondosha irabu ya mwisho ya neno. Njia hizi ziliokoa wizani, lakini kila moja ilikuwa na gharama yake. Zikizidi, lugha husikika kuwa ya vitabuni, na hilo ndilo lililowafanya wasomaji wa karne ya 20 wamwone Cajander kuwa wa kale.

Kiambishi cha umilikaji kilileta tatizo jingine, na hili ni la maana. Katika Kifini, käsi ni mkono na kädet ni mikono. Lakini kiambishi -ni kinapoongezwa, tofauti hiyo hufutika. Käteni huweza kuwa mkono wangu, wa mkono wangu, au mikono yangu. Katika Macbeth tofauti ya umoja na wingi si jambo dogo. Baada ya mauaji, mume anaitazama mikono yake na kuona kuwa bahari yote haitoshi kuiosha, na mke anaamini kuwa maji kidogo yatamaliza kazi. Baadaye mke huyo anatembea usingizini akisugua mikono yake, na mwishowe anautaja mkono mmoja, mdogo, ambao harufu yake haiwezi kuondolewa na manukato. Tamthilia inasogea kutoka mikono hadi mkono, kutoka bahari hadi kiganja kimoja cha mwanamke.

Kifini hubeba msogeo huo kwa maneno ya jirani. Kionyeshi tämä huonyesha umoja na nämä huonyesha wingi, na kivumishi pieni, yaani dogo, huwa pienet katika wingi. Kwa hiyo mfasiri makini huacha kutegemea jina la kiungo peke yake na kugawa kazi kati ya jina hilo, kionyeshi na kivumishi. Jambo la ziada ni kwamba Kifini cha jadi hukichukulia kiungo cha jozi kuwa kitu kimoja chenye nusu mbili. Mtu mwenye jicho moja huitwa silmäpuoli, na mwenye mkono mmoja huitwa käsipuoli, puoli ikiwa ni nusu. Mkono mmoja mdogo uliotengwa na mwenzake, katika lugha yenye mtazamo huo, ni nusu ya kitu. Hadhira ya Kifini ilikuwa na sababu yake ya kuhisi upweke wa mwanamke yule, sababu ambayo Kiingereza hakikuitoa.

6.0 Mshairi, mwalimu na miaka ya mwisho

Sambamba na Shakespeare, Cajander aliendelea kutunga mashairi na kufasiri kutoka lugha nyingine. Mwaka 1889 ilichapishwa tafsiri yake ya Vänrikki Stoolin tarinat, mkusanyo mashuhuri wa Johan Ludvig Runeberg, mshairi aliyeandika kwa Kiswidi. Shairi la kwanza la mkusanyo huo ndilo lililokuwa wimbo wa taifa. Shairi lake mwenyewe Vapautettu kuningatar linahusu malkia aliyefungwa ngomeni ambaye hatimaye anakombolewa, na lilieleweka kuwa istiara ya nchi yake. Mwaka 1906 mtunzi wa muziki Jean Sibelius, naye mzaliwa wa Hämeenlinna, alilitungia muziki kwa ajili ya kuadhimisha miaka 100 tangu kuzaliwa kwa Snellman.

Kuanzia mwaka 1890 Cajander alikuwa mhadhiri wa lugha ya Kifini katika Chuo Kikuu cha Helsinki. Uteuzi huo unaonyesha umbali ambao lugha ilikuwa imetembea. Chuo ambacho katika ujana wake kilitawaliwa na Kiswidi sasa kilimlipa mshairi kuifundisha lugha ya wakulima. Kundi la Bergbom nalo lilikua. Mwaka 1902 lilihamia katika jengo lake la mawe jijini Helsinki na kuwa Jumba la Taifa la Maigizo. Waigizaji wa kundi hilo, aliyevuma zaidi miongoni mwao akiwa Ida Aalberg, walizisema tafsiri za Cajander jukwaani, na kwa njia hiyo watu wasiosoma vitabu walizisikia.

Kazi iliendelea katika kipindi kigumu. Kuanzia mwaka 1899 utawala wa Urusi ulianza kubana mamlaka ya ndani ya Ufini, na suala la lugha likawa sehemu ya suala la uhai wa taifa. Cajander hakuwa mwanasiasa wa majukwaa. Mchango wake ulikuwa ni kutoa buku moja baada ya jingine mpaka tamthilia 36 zilipokamilika mwaka 1912. Alifariki Helsinki mwezi Juni 1913, mwaka mmoja tu baada ya kuiweka chini kalamu ya Shakespeare. Hakuiona Ufini ikijitangazia uhuru mwezi Desemba 1917.

Wafasiri waliomfuata walianza upya. Yrjö Jylhä na baadaye Matti Rossi walitoa tafsiri zilizokaribia zaidi lugha ya wakati wao, na kati ya 2004 na 2013 zilitolewa tafsiri mpya za tamthilia zote kwa Kifini cha kisasa. Jambo hilo halipunguzi hadhi ya Cajander. Wote hao walifasiri katika lugha ambayo tayari ilikuwa na Shakespeare.

7.0 Cajander na wafasiri wa Kiswahili

Mwaka 1963, miaka 80 baada ya Julius Caesar ya Cajander, Julius Kambarage Nyerere alitoa tafsiri ya Kiswahili ya tamthilia hiyo hiyo. Aliirekebisha na kuitoa tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, na katika mwaka huo akatoa Mabepari wa Venisi. Samuel S. Mushi naye alitoa Makbeth mwaka 1968 na Tufani mwaka 1969. Hapana uhusiano wa moja kwa moja kati ya kazi hizo na za Cajander. Uhusiano uliopo ni wa hali. Katika nchi zote mbili, lugha ya watu walio wengi ilikuwa ikitoka kwenye kivuli cha lugha ya watawala, na Shakespeare alitumika kama kipimo cha uwezo wake.

Kwa upande wa maana, mkono na käsi yanalingana karibu kabisa, na agizo la Brutus linaingia katika Kiswahili kwa wepesi ule ule. Kwa upande wa umbo, tofauti ni kubwa na inaelekea upande usiotarajiwa. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Mkono lina silabi tatu, na mkazo uko katikati. Likifuatwa na wangu, hutoa mfuatano wa silabi dhaifu, yenye mkazo, dhaifu, yenye mkazo, dhaifu. Huo ndio mwendo wa mstari wa Shakespeare, na silabi moja ya ziada mwishoni ambayo yeye mwenyewe aliiruhusu mara nyingi. Zaidi ya hayo, kiambishi cha ngeli hutenga mkono wangu na mikono yangu bila kubadili wizani hata kidogo. Kile ambacho Cajander alikitafuta kwa viingizi na irabu zilizodondoshwa, Kiswahili kinacho katika maneno mawili ya kawaida.

Pamoja na hayo, arudhi ya Kiswahili haikujengwa juu ya mkazo. Imejengwa juu ya mizani, vina na vituo, na ushairi usio na vina ulikuwa wenyewe ni jambo geni kwa wasomaji wengi katika miaka ya 1960. Mfasiri wa Kifini alipambana na lugha iliyokataa wizani, ilhali mfasiri wa Kiswahili alikuwa na lugha inayoukubali wizani ambao mapokeo yake hayakuuhitaji. Hoja hii inastahili kuchunguzwa zaidi na wanafunzi wa arudhi, kwani tafsiri za Shakespeare kwa Kiswahili zimejadiliwa zaidi kwa upande wa msamiati na itikadi kuliko kwa upande wa mkazo.

8.0 Hitimisho

Maisha ya Cajander yanafundisha kwamba ulinganisho wa lugha kwa kuhesabu maneno ni kipimo dhaifu. Anayeangalia kamusi ataona kuwa Kiingereza kina majina mawili ya kawaida mahali ambapo Kifini kina moja, na atakuwa tayari kutoa hukumu. Anayeangalia jukwaa ataona kuwa jina hilo moja hufika hadi begani linapohitajika na kurudi kwenye kiganja linapoitwa, na kwamba kazi ya kweli ya mfasiri iko kwenye silabi, mkazo na viambishi, mambo ambayo kamusi haiyaonyeshi. Hasara ipo, kama ilivyo katika mzaha wa wachimba kaburi, lakini haiko pale inapodhaniwa.

Katika Kifini, kitenzi käsittää, yaani kufahamu, kinatokana na käsi, na kutokana na kitenzi hicho lugha ya kitaaluma ilipata käsite, neno la dhana. Jina la kiungo lililoonekana kuwa la kishamba, lisilotenga kiganja na mpini wake, ndilo lililozaa neno ambalo chuo kikuu cha Ufini hulitumia kila siku kinapofikiri.